Bosi anataka barua tatu za kuachisha kazi kufikia Ijumaa, na aliyewahukumu ni aplikesheni

Shikamoo dada,

Naomba unifichie jina maana huku mjini wote tunajuana. Mimi ni HR, yaani afisa rasilimali watu, kwenye kampuni ya mikopo midogo hapa Dodoma, ofisi ipo mjini ila vijana wetu wa fildi wapo Bahi, Chamwino, Kongwa mpaka Mpwapwa, wanazunguka na pikipiki kukusanya marejesho na kutafuta wateja wapya. Kazi naipenda na mpaka mwaka jana tulikuwa tunaenda vizuri tu.

Sasa akaja mkurugenzi mpya na aplikesheni yake. Kila afisa wa fildi akaambiwa aiweke kwenye simu yake binafsi, ile aplikesheni inaonyesha mtu yuko wapi kila baada ya dakika chache na kila wiki inampa maksi kwenye mia. Ukisimama sehemu moja muda mrefu maksi zinashuka, ukizima data zinashuka, na haizimwi hata Jumapili, yaani mimi kwenye kompyuta yangu naona nani yuko kanisani na nani yuko kwa mama mkwe na sijisikii vizuri kabisa kuona hayo. Hakuna aliyesaini karatasi yoyote, bosi alituma tu meseji kwenye grupu la WhatsApp kwamba kila mtu aiweke kabla ya saa sita mchana, asiyeweka aje achukue vyake.

Wiki iliyopita kaniita, kanionyesha majina matatu yaliyo chini kabisa, anataka barua za kuwaachisha kazi zitoke Ijumaa hii, sababu niandike "matokeo ya mfumo" halafu niwatumie kwa WhatsApp wasije hata ofisini. Wa kwanza ni kaka wa Mpwapwa, ana miaka minne na sisi. Huko kwenye milima mtandao unakata hata saa nne mfululizo na mfumo unaandika "hayupo kazini", lakini kitabu chake cha risiti kwa saa hizohizo kina wateja sita wamelipa na saini zao zipo. Wa pili ni dada mjamzito, mimba ina miezi sita sasa, maksi zake zilianza kushuka tangu aanze kliniki na apunguze kukaa kwenye pikipiki barabara za vumbi. Wa tatu ni kijana ana miezi minne tu, na huyu dada nisiseme uongo, ni mzembe kweli, risiti anachelewesha na wateja wanalalamika.

Hilo halijaisha. Waliobaki wote anataka wasaini mikataba mipya ya "mawakala huru", mshahara hakuna, komisheni tu, na NSSF (mfuko wa hifadhi ya jamii) na WCF (mfuko wa fidia kwa wafanyakazi) kampuni inaacha kuchangia. Ila saa moja na nusu asubuhi lazima waripoti, fulana za kampuni wavae, maeneo wanapangiwa, na hawaruhusiwi kufanya kazi na kampuni nyingine. Nikamuuliza kwa upole sheria inasemaje, akasema sheria ya kazi imebadilishwa 2025 na siku hizi mwajiri anaingia mkataba wowote anaotaka, halafu akaniambia HR kazi yako ni kuandika barua. Na simu za kampuni zikija, anasema bei yake tutawakata kwenye mishahara.

Mume wangu anasema saini tu, usitie kitumbua chetu mchanga, kodi ya nyumba inakaribia na watoto wawili wako shule. Wenzangu wameshaanza kuninyamazia nikipita maana wanajua barua zinaandikwa na mimi. Je nisaini? Nikikataa anaweza kunifukuza? Na hawa wakienda CMA, ile Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, mimi nitaingia kwenye hiyo kesi?

HR mwenye kalamu, Dodoma

*

Marahaba mdogo wangu, na pole sana.

Nianze na unachotaka kujua kwanza. Hizo barua tatu kama zilivyo usizisaini Ijumaa. Sisemi ugome, wala usifunge mlango wa ofisi ukaenda nyumbani, nasema kabla ya Ijumaa umpe bosi wako kwa maandishi sababu za kwa nini barua hizo haziwezi kutoka hivyo na nini kifanyike badala yake. Hiyo ndiyo kazi ya HR. Kuandika barua ni kipande kidogo tu cha mwisho.

Kuhusu wewe mwenyewe, maana najua usiku hulali kwa hilo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 ina orodha ya sababu ambazo mwajiri haruhusiwi kumwachishia mtu kazi hata kidogo, na mojawapo ni mfanyakazi kukataa kufanya jambo ambalo mwajiri hana haki kisheria kumtaka alifanye. Watu wengi wanaisoma sheria hii wakidhani ni ya madereva na walinzi, kumbe HR naye ni mfanyakazi na kifungu hicho ni chake pia. Akikufukuza kwa sababu ulikataa kumwachisha kazi mjamzito bila utaratibu, una pa kusimama. Sikuhakikishii kwamba hatajaribu, bosi akikasirika anaweza kufanya lolote, ila mahali pa kusimama unapo, mradi kukataa kwako kuwe kwenye karatasi yenye tarehe, kusiwe maneno ya kwenye korido.

Tuje kwa hiyo aplikesheni. Hili si suala la Dodoma peke yake, dunia nzima HR wanalikuta sasa hivi. Umoja wa Ulaya kwenye sheria yake ya akili bandia ya 2024 umeweka mifumo ya kuajiri na kupima wafanyakazi kwenye kundi la hatari kubwa, na wamepiga marufuku kabisa mifumo ya kusoma hisia za mtu kazini, isipokuwa kwa sababu za kitabibu au usalama. Sisi hatuna sheria ya namna hiyo, lakini usimwache bosi wako afikiri hatuna kitu. Tunayo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake Rais Samia aliizindua Aprili 2024. Uzuri wake imeandikwa kwa Kiswahili, kwa hiyo hamna kisingizio, ichapishe umwekee mezani.

Sheria hiyo inasema taarifa za mtu zikusanywe kwa kusudi halali linalojulikana, zisizidi zinazohitajika kwa kusudi hilo, na mwenyewe aambiwe zinakusanywa kwa nini na nani atazipata. Sasa jiulize, kujua afisa wa mikopo yuko kanisa gani Jumapili kunakusanya marejesho gani? Saa za kazi mtu anaweza kujenga hoja, kuna fedha za wateja, kuna usalama barabarani, sawa. Jumapili na usiku hakuna hoja yoyote. Na meseji ya "asiyeweka aje achukue vyake" haiwezi kuitwa ridhaa, mtu anayekubali huku kashikiwa mshahara shingoni hajaridhia. Halafu kaulize pia hizo taarifa zinatunzwa wapi, maana mifumo mingi ya namna hii seva zake ziko nje ya nchi, na kupeleka taarifa binafsi nje kuna masharti yake. Na je, kampuni yenu imejisajili kwenye Tume kama mkusanyaji wa taarifa? Kampuni ya mikopo ina vitambulisho, ina namba za simu, ina madeni ya wateja, hata bila hiyo aplikesheni mlitakiwa muwe mmeshasajiliwa. Hapa bosi anaweza kukusikiliza haraka kuliko kwenye habari za haki za wafanyakazi kwa sababu linagusa biashara yenyewe.

Ila penye uzito zaidi ni hapa. Sheria hiyohiyo inampa mtu haki ya kudai kwamba uamuzi unaomgusa kwa kiasi kikubwa usifanywe kwa kutegemea mashine peke yake. Kuachishwa kazi kusipokuwa uamuzi unaomgusa mtu kwa kiasi kikubwa, sijui ni upi utakuwa. "Matokeo ya mfumo" siyo sababu ya kumwachisha mtu kazi. Sababu ni kitu alichofanya au alichoshindwa kufanya, ambacho binadamu mmoja ameketi akakichunguza, akamuuliza mwenyewe, akamsikiliza.

Chukua kaka wa Mpwapwa. Hebu fikiria uko mbele ya muamuzi wa CMA umeshika ripoti ya mfumo inayosema kuanzia saa tatu mpaka saa saba hakuwepo kazini, na mwenzako ana kitabu cha risiti chenye majina sita, kiasi walicholipa na saini zao, saa hizohizo. Kwenye kesi ya kuachishwa kazi anayetakiwa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki ni mwajiri, siyo mfanyakazi. Utathibitisha nini? Utamuuliza nani, simu? Kanuni za Utendaji Bora za 2007, lile Tangazo la Serikali Na. 42, zinasema mtu akidaiwa hafikii kiwango lazima uchunguze kwa nini hafikii, umpe maelekezo, umpe muda wa kujirekebisha, na usikie upande wake kabla ya kuamua. Kwa kaka huyu mwenye tatizo ni mnara. Uchunguzi wa nusu saa tu, ripoti ya mfumo kushoto na kitabu cha risiti kulia, unamaliza kazi, na ningekuwa wewe ningeufanya leo hii kabla ya kuandika neno lolote, kisha nikaambatanisha kopi za kurasa hizo kwenye dokezo la kumpa bosi.

Kama kungekuwa na kosa la nidhamu kweli, napo kuna njia yake. Uchunguzi kwanza, halafu tuhuma kwa maandishi kwa lugha anayoielewa, muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, kikao kinachoongozwa na mkubwa ambaye hakuhusika kwenye tukio lenyewe, haki ya kuja na mwenzake wa kazini au mtu wa chama cha wafanyakazi, na haki ya kukata rufaa. Watu wananiuliza sana kama barua ya WhatsApp ni halali. Nyaraka za kielektroniki zinatambulika tangu Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, kwa hiyo shida ya kwanza hapa wala siyo WhatsApp. Shida ni kwamba barua imekuja kabla ya kikao. Na ujue hizo meseji za kwenye grupu nazo ni ushahidi, ile ya "aje achukue vyake" mtu ameshapiga skrinshoti zamani.

Dada mjamzito sasa. Hapa mdogo wangu sitaki uwe na shaka hata chembe. Sheria inakataza ubaguzi wa wazi na ule wa kuzunguka, na ujauzito umetajwa kwa jina. Kumwachisha mtu kazi kwa sababu inayohusiana na ujauzito hakuwezi kuwa halali, hata uandike barua nzuri namna gani, hata ufanye vikao vitano. Bosi atasema lakini mfumo haujui nani mjamzito, unapima wote sawa. Hiyo ndiyo maana ya ubaguzi wa kuzunguka: kipimo ni kimoja kwa wote lakini kinamuumiza yule kwa hali yake. Maksi zilianza kushuka alipoanza kliniki, wewe umeliona, mimi nimeliona kwenye barua yako tu, muamuzi atashindwaje kuliona? Tena sheria inakataza kumpa mjamzito kazi ya hatari kwa afya yake au ya mtoto, na inamtaka mwajiri ampatie kazi nyingine inayofaa ikiwezekana. Miezi sita ya mimba juu ya pikipiki kwenye makorongo ya huko, hiyo ni kazi ya kumpangia mama kweli? Mhamishie ofisini ahakiki mikataba ya wateja au apige simu za marejesho mpaka aende likizo yake ya siku 84, au 100 akijaliwa mapacha. Na hiyo sheria ya 2025 ambayo bosi anaitaja, mkumbushe imemwongezea likizo mama anayejifungua mtoto njiti, ule muda uliobaki kufika wiki 40 za mimba. Hiyo sehemu naona hakuisoma.

Kijana wa miezi minne ni habari tofauti na nashukuru umesema ukweli wako kuhusu yeye. Sehemu ile ya sheria inayohusu uachishaji usio wa haki haimlindi mtu ambaye hajafikisha miezi sita kwa mwajiri huyo, kwa hiyo kampuni ina nafasi zaidi. Nafasi zaidi haina maana ya kumtupa. Kanuni zinataka hata aliye kwenye majaribio aelezwe wazi kasoro zake, ajibu, apewe nafasi ya kujirekebisha, na ikishindikana apewe notisi, ambayo kwa mtu wa mshahara wa mwezi aliyevuka mwezi wa kwanza ni siku 28 au alipwe badala yake, pamoja na siku zake za likizo alizolimbikiza na cheti cha utumishi. Huyu mwite kesho. Mwekee mezani risiti zilizochelewa na malalamiko ya wateja yenye tarehe, achana kabisa na maksi za mfumo, mpe mwezi mmoja na malengo yanayoeleweka. Akishindwa, barua yake utaisaini bila mkono kutetemeka.

Kwenye "mawakala huru" ndiko bosi wako anakoweza kuiumiza kampuni vibaya zaidi. Sheria ya Taasisi za Kazi ya 2004 haiangalii karatasi imeandikwa nini juu, inaangalia kazi inafanyikaje. Imetaja vigezo, ikionekana hata kimoja tu mtu anachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo: unamwelekeza namna ya kufanya kazi, unampangia saa, yeye ni sehemu ya taasisi yako, amekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi kwa miezi mitatu iliyopita, anakutegemea wewe kiuchumi, unampa vifaa, au anakufanyia wewe tu. Sasa rudia barua yako mwenyewe. Saa moja na nusu asubuhi wanaripoti, fulana zenu, maeneo mnawapangia, kampuni nyingine marufuku, na lokesheni mnawafuatilia dakika kwa dakika! Hata bila hiyo aplikesheni wangekuwa waajiriwa, na aplikesheni yenyewe ndiyo imewaongezea ushahidi wa kwamba mnawaendesha. Huko Uingereza Uber walibishana jambo la namna hii mpaka mahakama ya juu kabisa, na Februari 2021 wakashindwa, madereva wakahesabiwa kuwa wafanyakazi wenye haki ya kima cha chini na likizo ya malipo, ingawa mikataba iliandikwa kwa ustadi na mawakili wakubwa.

Kuna jambo hapa linaniuma kuliko mambo ya mahakama. Hawa vijana wanashinda kwenye pikipiki. Mmoja akigongwa na lori kwenye barabara ya Kongwa akiwa na fulana yenu, WCF ndiyo ya kugharamia matibabu na fidia yake, na akifariki kuna mafao kwa mjane na watoto. Mkishamfuta kwenye orodha ya waajiriwa ili kuokoa mchango ambao kwa sekta binafsi ni asilimia 0.5 tu ya mshahara, familia yake itakwenda kuhangaika kuthibitisha kwamba alikuwa mfanyakazi wenu wakati bado wako matangani. Na hayo madai yatarudi kwenye kampuni yakiwa makubwa zaidi, pamoja na michango ya NSSF ambayo haikupelekwa. Mweleze bosi hivyohivyo, kwa hesabu.

Halafu kubadilisha mkataba siyo tangazo. Masharti yakibadilika mwajiri anatakiwa ashauriane na mfanyakazi na amjulishe kwa maandishi. Mtu akilazimishwa kusaini kitu kinachomwondolea mshahara, akaona hakai tena akaondoka mwenyewe, sheria inaweza kuhesabu kwamba wewe ndiye uliyemwachisha kwa kuifanya kazi isivumilike. Kama kweli kampuni haimudu mishahara, kuna njia ya kupunguza wafanyakazi: unatoa taarifa ya nia, unaweka wazi hali ya fedha, mnajadiliana sababu, njia za kuepuka, vigezo vya nani aondoke, na malipo. Ni njia ndefu na haipendezi lakini ipo, na watu wanaoipitia kwa uwazi huwa hawafiki CMA kwa wingi.

Kuhusu hiyo "sheria imebadilishwa". Ni kweli, Sheria ya Marekebisho ya Sheria za Kazi Na. 1 ya 2025 imeanza tarehe 1 Februari 2025, na mojawapo ya mambo yake ni kupanua mikataba ya muda maalumu ambayo zamani ilikuwa ya wanataaluma na mameneja. Imepanua kwa sababu zilizotajwa, mfano kazi za msimu au kazi kuongezeka kwa muda. Kutoka hapo mpaka "mwajiri anaingia mkataba wowote anaotaka" ni mbali, na hakuna mahali inapomruhusu mtu kumvua mwajiriwa wa kudumu ajira yake kwa kumbadilisha jina. Imegusa pia viwango vya fidia mtu akishinda kesi, kwa hiyo nakushauri uisome mwenyewe pamoja na ile ya 2004, usisome muhtasari wa mtu wa kwenye mtandao, hata wangu.

Makato ya simu nisikawie hapo. Mshahara haukatwi kwa uamuzi wa ofisi. Lazima kuwe na sheria, amri ya mahakama au makubaliano ya pamoja na chama cha wafanyakazi, au mfanyakazi mwenyewe akubali kwa maandishi kulipa deni. Simu ambayo kampuni inaitaka kwa kazi ya kampuni ni kifaa cha kazi, inunuliwe na kampuni, na hapo mtakuwa mmetatua pia suala la kuingia kwenye simu binafsi za watu.

Umeuliza kama utaingia kwenye kesi. Mlalamikiwa atakuwa mwajiri, siyo wewe, ila kwenye kiti cha shahidi utakuwa wewe, maana HR ndiye anayeitwa kueleza utaratibu ulifuatwaje. Wana siku 30 tangu kuachishwa kujaza fomu ya CMA, kufungua shauri hakuna ada, na hapo Dodoma ofisi ya Tume ya Usuluhishi ipo kwa hiyo usidhani watakata tamaa kwa umbali. Utaapa, utaulizwa kikao kilikuwa tarehe ngapi. Ukiwa umesaini bila kikao utasema nini?

Sasa dokezo. Liwe fupi, kurasa mbili zinatosha, la heshima, lisiwe na lawama hata moja. Mfano anza hivi: "Mkurugenzi, nimepokea maelekezo yako ya kuandaa barua tatu kufikia Ijumaa. Baada ya kupitia mafaili, naona barua hizi zikitoka kama zilivyo kampuni itakuwa kwenye hatari ya madai CMA na ukiukwaji wa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Napendekeza yafuatayo." Halafu kila mmoja na pendekezo lake: wa Mpwapwa apimwe kwa risiti mpaka tatizo la mtandao litatuliwe, wa pili apangiwe kazi ya ofisini, wa tatu aanze mwezi wa kujirekebisha. Aplikesheni izimwe nje ya saa za kazi kuanzia leo mpaka sera iandikwe na watu wasomewe. Mikataba ya uwakala isimame mpaka wakili wa kampuni aione. Hilo la wakili ni muhimu, bosi wa namna hii anaweza kukukatalia wewe akamsikiliza mwanasheria, na wala isikuume, unachotaka ni watu watatu wabaki kazini.

Tahadhari moja ambayo HR wengi hawaifikirii wanapokuwa na hofu: usianze kujitumia mafaili ya wafanyakazi au ripoti za lokesheni kwenye imeili yako binafsi ili "uwe na ushahidi". Hizo ni taarifa za watu, ukizitoa ofisini bila ruhusa utakuwa umempa bosi sababu halali ya kukushughulikia wewe. Kopi ya dokezo lako mwenyewe lililogongwa muhuri wa kupokelewa inakutosha. Na wale wenzako wanaokunyamazia, usiwapelekee siri za ofisi ili wakupende tena. Wakikuuliza waambie tu ukweli kwamba hujasaini kitu. Mwanachama wa chama cha wafanyakazi akitaka kwenda kuzungumza na chama chake ni haki yake, usimzuie wala usimtume.

Kwa mume wako, mwambie hofu yake ina haki, kodi ni kodi na ada ni ada. Lakini asidhani kusaini ndiyo usalama. Kampuni ikilipa fidia kwa watu watatu, bosi huyohuyo ataanza kutafuta ni nani aliyeandika barua zile bila utaratibu, na jina litakaloonekana chini ya karatasi ni lako.

Dokezo mpe Jumatano asubuhi, usisubiri Ijumaa jioni mtu akiwa na hasira na anataka kufunga wiki. Mpe mkononi, nyingine iache kwa katibu muhtasi asaini amepokea na saa aandike. Akikuita mzungumze, nenda na kitabu cha risiti cha Mpwapwa, mfungulie ule ukurasa wenye majina sita, umwombe asome saa zilizoandikwa pale kisha aangalie ripoti yake. Akisema bado anataka barua zitoke, mwombe akujibu juu ya dokezo hilohilo kwa maandishi yake, halafu niandikie tena tuone hatua inayofuata.